Maji ya Mlima Hayatoki Kwenye Theluji

Mwezi wa Januari, Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi asubuhi, hakuna mtu mjini Moshi asiyeutupia jicho. Uwe stendi, uwe soko la Mbuyuni, uwe nyuma ya bodaboda unapanda Kibosho, shingo inageuka yenyewe. Na maneno yanayofuata siku hizi ni yaleyale: "Theluji inaisha, ndiyo maana maji hamna." Nimeyasikia kwa kinyozi, nimeyasikia nje ya kanisa baada ya misa, nimeyasikia hata kwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Wala si maneno ya ovyo. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, imepungua kweli: mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Mifongo mingi nayo, mifereji yetu ya asili ya kumwagilia, imekauka katika miaka hiyohiyo. Ukiyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, jibu linajileta lenyewe.

Lakini jibu hilo si sahihi, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Linatufanya tulilie kileleni wakati maji yetu yanapatikana, na yanapotelea, mahali pengine kabisa. Tena linatutua mzigo. Kama tatizo ni theluji, basi ni la dunia nzima na mtu wa Uru au Marangu hana la kufanya.

Tupige hesabu ndogo. Chukua barafu yote iliyobaki kule juu, uikadirie kuwa kilomita za mraba 2 kamili. Sasa tuseme katika mwaka mmoja iyeyuke kiasi cha kutoa maji ya kina cha mita nzima katika eneo lote hilo. Kilomita moja ya mraba yenye maji ya kina cha mita moja ni mita za ujazo milioni 1, kwa hiyo barafu yetu ingetoa milioni 2. Njoo msituni. Mkanda wa msitu unaouzunguka mlima una takriban kilomita za mraba 1,000. Upande wa kusini, juu ya Machame, Kibosho na Old Moshi, mvua ya mwaka katikati ya msitu inapita milimita 2,000. Upande wa kaskazini ni pungufu. Tufanye uchoyo, tuseme wastani ni milimita 1,000 tu, yaani mita moja. Hapo tayari ni mita za ujazo bilioni 1. Miti inakunywa na jua linachukua lake, basi toa nusu nzima. Zinabaki milioni 500 dhidi ya milioni 2. Na hizo milioni 2 zenyewe nimezitoa kwa ukarimu, kwa sababu hewa ya kule juu ni kavu mno na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji hata kidogo. Watafiti walioufuatilia mlima huu kwa miaka mingi wamefika palepale kwa vipimo vyao: zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoshuka Kilimanjaro yanaanzia kwenye msitu.

Ukitaka kuelewa kwa nini, ufikirie mlima kama kisiwa. Bahari inayouzunguka ni nyika: Maasai upande wa magharibi na kaskazini, Kahe na Arusha Chini upande wa kusini, tambarare kavu hadi Taveta. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unavuka nyika hiyo ukiwa na unyevu ambao hauna pa kuushushia, mpaka unapokutana na ubavu wa mlima. Hapo unalazimika kupanda, unapoa, unageuka wingu, na wingu linamwaga. Kumwaga kwenyewe hakufiki kileleni. Mvua nyingi zaidi inanyesha kwenye urefu wa karibu mita 2,000 hivi, halafu inapungua tena kadiri unavyopanda, hata mita 5,895 za kilele cha Uhuru zikawa ni jangwa la baridi linalopata sehemu ndogo sana ya mvua ya msituni. Moshi mjini, chini kabisa ya mteremko, tunapata chini ya nusu ya wanachopata msituni, nao wako mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwetu.

Tena mvua ni sehemu tu ya habari. Aliyewahi kupanda mlima kipindi cha Julai anajua ile hali ya kulowa bila kunyeshewa. Ukungu unapita katikati ya miti taratibu kama moshi wa jiko la kuni, na kila jani, kila tawi lenye ndevu za kijani zinazoning'inia, linaukamata na kuudondosha tone moja moja. Juu kabisa ya msitu, zamani palikuwa na mkanda mpana wa miti ya jamii ya erika, yenye majani madogo kama sindano, mengi ajabu. Miti hiyo ndiyo inayokamata ukungu vizuri kuliko yote. Na miti hiyohiyo inawaka kama petroli. Tangu miaka ya 1970 moto umeteketeza maelfu ya hekta zake, na panapoungua mara kwa mara hapaoti tena mti bali vichaka vya kufika magotini, ambavyo haviwezi kukamata ukungu kama miti ilivyofanya. Wengi wetu tunaukumbuka moto wa Oktoba 2020, uliodumu zaidi ya wiki moja. Usiku tulikuwa tunauona kutoka mjini kama mstari mwekundu angani. Watu walikuwa wanapiga picha. Lile ndilo lilikuwa janga la maji la mwaka ule, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Maji yakishafika chini ya miti, kazi ya pili inaanza. Udongo wa msituni ni mwepesi, umejaa majani yaliyooza na mizizi, unafyonza mvua kubwa bila kuiacha itiririke. Chini yake kuna mwamba wa volkano, tabaka la lava juu ya tabaka la majivu, wenye nyufa na matundu. Maji yanazama humo na kutembea gizani kwa muda mrefu, mpaka yanapokuta tabaka lisilopitisha na kulazimika kutoka nje. Ndiyo hizo chemchemi za Njoro hapa mjini, ndiyo Miwaleni kule njia ya Kahe, ndiyo Chemka ya Rundugai ambako vijana wanakwenda kuogelea wikiendi katikati ya vumbi na mikuyu. Ziwa Chala halina mto hata mmoja unaoingia, lakini halikauki; linalishwa kwa chini. Mtu anayechota ndoo Njoro mwezi wa Februari hachoti mvua ya jana. Anachota akiba.

Kwa sababu hiyo mto wa mlimani unapimwa Februari. Wakati wa masika kila korongo lina kelele na kila mtu ni tajiri wa maji. Swali ni nini kinapita chini ya daraja la Karanga au Weruweru baada ya wiki sita bila tone. Maji ya Aprili yanaonyesha mvua ilinyesha kiasi gani, na ya Februari yanaonyesha ardhi ilifyonza kiasi gani. Sehemu ikikatwa miti na kubaki wazi, mvua ileile inashuka yote kwa siku mbili, inabeba udongo mwekundu, inafurika Mabogini na Kahe, halafu Februari hakuna kitu. Mvua inaweza isipungue hata milimita moja, na bado watu wakakosa maji.

Chini ya msitu kuna kihamba. Wasomaji wa nje ya Kilimanjaro wanisamehe nikieleza kinachojulikana kwetu. Kihamba ni ardhi ya ukoo iliyozunguka nyumba, na ndani yake mazao hayapangwi kwa mistari bali kwa ghorofa. Juu kuna miti mikubwa, mruka, mringaringa, msesewe ambao gome lake linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini ya hiyo kuna migomba. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi, viazi vikuu, maharage na majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe yuko bandani, hatoki. Anakatiwa majani, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Pembezoni kuna isale, mmea wa mpaka na wa kuombana msamaha. Kwa jicho la maji, kihamba ni msitu wa pili. Tone la mvua linaanguka kwenye jani la mruka, kutoka hapo kwenye jani la mgomba, kutoka hapo kwenye takataka zilizotandazwa chini, na likifika kwenye udongo halina tena nguvu ya kuuchimbua.

Lakini migomba na kahawa haviwezi kungoja masika. Hapo ndipo mfongo unapoingia.

Mfongo ni mfereji wa kuchimbwa kwa mkono, unaochepusha maji ya mto juu kabisa, mara nyingi ndani ya korongo karibu na msitu, na kuyatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana mpaka yafike mgongoni, kwenye vihamba. Wazungu wa kwanza waliofika katikati ya karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi, na walishangaa jinsi watu wasio na kipimo chochote cha kisasa walivyoweza kuyatembeza maji pembezoni mwa genge bila kuyamwaga. Inakadiriwa kwamba yote kwa pamoja ilifikia urefu wa kilomita 1,800 hivi. Kila mfongo una ukoo uliouchimba, na mkuu wake, meni mfongo, ndiye anayepanga zamu na kuita watu kuusafisha. Asiyefika siku ya kusafisha alitozwa, mara nyingi kwa mbege. Maji ya usiku hayakuachwa yapotee. Yaliingizwa kwenye bwawa dogo la udongo, nduwa, yakafunguliwa alfajiri.

Nimekulia Uru, na zamu yetu ilikuwa Jumatano, kutoka kunapopambazuka mpaka jua la saa nne. Mama alikuwa ananiamsha gizani. Mlangoni tulichukua jembe na tochi, tukapanda mpaka mahali mfongo mkubwa unapotoa mkono wa kuja kwetu. Mfongo wenyewe ulikuwa na upana wa shibiri tatu. Alikuwa anachukua magome ya mgomba yaliyolowa, anayalaza kwa kukingama, anaweka jiwe moja kila upande, halafu ananiambia: "Tope, mwanangu, lete tope." Nilichota tope kwa mikono miwili na kuliziba kwenye nyufa. Maji yalisimama kidogo, yakapanda, yakageuka. Baada ya hapo ni kukimbia: kuyafuata yanakopita, kutoa majani yaliyoziba, kufungulia shina hili, kufunga lile. Mama hakuwa na saa mkononi. Alikuwa anakanyaga udongo karibu na shina. Mguu ukizama mpaka kwenye fundo, shina hilo limekunywa, twende lingine. Na saa nne ilipokaribia hakungoja kuambiwa. Alibomoa tuta mwenyewe, kwa sababu jirani wa chini alikuwa ameshasimama, kimya, na jembe begani.

Tangu enzi za ukoloni, maofisa na wahandisi wamekuwa na lawama moja dhidi ya mfongo: unavuja. Wamepima maji yanayoingia juu na yanayofika chini, wakaona kwamba katika mfongo mrefu zaidi ya nusu inaweza kupotelea njiani. Dawa iliyopendekezwa, na inayopendekezwa hadi leo, ni saruji au bomba. Kwa miaka mingi nami niliamini hivyo bila kufikiri. Sasa naliangalia tofauti, na sehemu hii naomba isomwe polepole, maana ndiyo inayoleta mkanganyiko kuliko zote.

Neno "kupotea" lina maana tu ukijua maji yameenda wapi. Maji yanayovuja kutoka kwenye mfongo wa udongo, ukipita katikati ya vihamba, yanaingia kwenye mizizi ya migomba ya watu ambao hata si zamu yao, na yanayobaki yanazama, yanarudi korongoni mita mia kadhaa chini au yanaongeza akiba ya chemchemi. Hayajatoka kwenye mlima. Ukiweka bomba hapo, anayepokea mwishoni atafurahi, lakini kisima cha jirani na kijito cha bondeni vinaweza kupungua, na hakuna atakayejua kwa nini. Tofauti kabisa ni maji yanayomwagika kwenye barabara, yanayopita juu ya mwamba, yanayochimba korongo jipya, au yanayotandazwa juu ya tambarare kavu wakati wa jua kali la mchana. Hayo yanakwenda hewani, na yakienda hewani yamekwenda. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: saruji iwekwe kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, kwenye kivuko cha barabara na kwenye mwamba, ndani ya vihamba mfongo uachwe wa udongo. Kuziba kila tundu kwa sababu ni tundu ni kuutazama mfongo peke yake na kuusahau mlima.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Mtu wa mfongo akiwa na njaa ya maji anaweza kuchukua mto mzima. Nimesimama chini ya mabanio mwezi wa Februari nikaona mawe makavu tu, samaki wadogo wamekufa kwenye vidimbwi, wakati mita kumi juu maji yanaingia mfereji kwa kishindo. Mila ilijua kugawana ndani ya mfongo mmoja. Kugawana kati ya mfongo wa juu na watu walioko kilomita 30 chini, wasiojuana hata kwa sura, ni jambo ambalo mila haikulazimika kulifikiria, kwa sababu zamani huko chini palikuwa na watu wachache na malaria nyingi.

Si sisi peke yetu tuliowahi kukutana na fumbo hili. Visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ni milima ya volkano kama wetu, yenye upande wa mvua na upande mkavu, na wenyeji wake wa asili ni wakulima wa magimbi. Waliigawa ardhi kwa vipande vinavyoitwa ahupuaʻa, kila kimoja kikianzia msituni juu na kushuka na mto wake mpaka kwenye mwamba wa baharini, ili jamii moja iwe na kuni za juu, magimbi ya katikati na samaki wa chini. Maji waliyatoa mtoni kwa mifereji ya udongo, ʻauwai, yakapita kwenye majaruba ya magimbi na yaliyobaki yakarudi mtoni. Kwa lugha yao maji ni wai, na utajiri ni waiwai. Halafu yakaja mashamba makubwa ya miwa. Kwenye kisiwa cha Oʻahu ulichimbwa mfereji na mahandaki kupitia tumbo la mlima, ukakamilika mwaka 1916, ukayahamisha maji ya upande wa mvua kwenda kumwagilia miwa upande mkavu. Mito ya Waiāhole na majirani zake ikadhoofika, na magimbi pamoja nayo. Kampuni ya miwa ilipofunga kazi katikati ya miaka ya 1990, wakulima wadogo walidai maji yarudi mtoni, na mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaamua kwamba maji ni amana ya umma, na mto wenyewe, ukiwa na maji ndani yake, ni matumizi halali na si maji yaliyoachwa bure.

Nikisoma habari hiyo huwa nafikiria ramani yetu. Ukimfuata Rau au Himo kutoka msituni, utapita vihamba, mji, mpunga, halafu Ruvu. Ukimfuata Kikafu, Weruweru au Karanga, utaingia Kikuletwa, unaoleta pia maji ya Meru kutoka Arusha. Ruvu na Kikuletwa wanakutana Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni mto Pangani mpaka baharini. Sisi pia tuna ahupuaʻa, ila ya kwetu ni bonde la zaidi ya kilomita za mraba 43,000, na wanaokaa juu hawajawahi kula samaki wa wanaokaa mwisho.

Mfano ulio karibu zaidi ni mpunga wa tambarare. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Japani, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya chini: Mabogini, Chekereni, Oria na jirani zake, kwa maji ya Njoro na Rau. Ulikamilika mwaka 1987, ukipangiwa karibu hekta 1,100 za mpunga. Mavuno yalikuwa mazuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Majirani wa juu, waliokuwa nje ya mradi, waliona jaruba moja linavyosomesha mtoto, nao wakachimba mifereji yao na kulima mpunga. Jaruba linataka maji karibu mara mbili ya shamba la mahindi. Baada ya miaka michache maji yaliyopimwa kwenye karatasi hayakuwepo tena kwenye mfereji mkuu, na sehemu ya majaruba ya mradi ikabaki mikavu. Nani alikosea? Wa juu walitumia mto unaopita mbele ya nyumba zao. Wa chini waliahidiwa maji na mpango halali. Mkulima mmoja wa Chekereni alinionyesha kwa fimbo alama nyeusi kwenye ukuta wa mfereji, mahali maji yalipokuwa yanafika alipokuwa kijana. Ilikuwa juu ya magoti yake. Siku ile maji yalikuwa yanalowesha kisigino. Nikamuuliza, "Mzee, unawalaumu wa huko juu?" Akasema, "Kaka yangu analima huko juu."

Chini zaidi kuna umeme. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, lina mitambo ya megawati 8, na maji yanayoachiwa hapo yanakwenda kuzungusha ya Hale, megawati 21, na ya Pangani, megawati 68 tangu 1995. Tone linalobaki kwenye jaruba la Mabogini halifiki kwenye mitambo hiyo. Na mwisho kabisa, pale Pangani mto unapoingia baharini, mto ukija dhaifu bahari inausukuma nyuma: maji ya chumvi yanapanda ndani ya mto na kuharibu mashamba na minazi ya watu ambao pengine hawajawahi kuuona mlima kwa macho.

Sheria inasema nini? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuyachepusha kwa kilimo au kiwanda awe na kibali kutoka bodi ya bonde. Ofisi ya bonde la Pangani, iliyoanzishwa 1991, iko hapahapa Moshi. Sheria hiyo inatambua pia jumuiya za watumia maji, na naamini huo ndio mlango sahihi, kwa kuwa unawakalisha meza moja meni mfongo, mkulima wa mpunga na mtu wa umeme. Ugumu ni kwamba kibali kinaandikwa kwa lita kwa sekunde, namba ileile mwaka mzima au msimu mzima, wakati zamu ya mfongo inabadilika kadiri mto unavyobadilika. Mto ukipungua nusu, mila inapunguza saa za kila mtu. Kibali hakijui kufanya hivyo mpaka afisa aje.

Kuna pia zile mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Kwenye tambarare ni sheria rahisi. Njoo Kibosho au Old Moshi, ambako kihamba kiko kwenye mgongo mwembamba kati ya makorongo mawili. Pima mita 60 kutoka kila upande, kihamba kimekwisha. Watu wanaona hivyo, wanaamua kwamba sheria haiwahusu, na wanalima mpaka ukingoni kabisa, tena mahindi, zao baya kuliko yote kwa ukingo. Mimi ningekuwa na sauti ningesema: ukingoni paruhusiwe migomba, magimbi na miti, jembe la kila mwaka lisiruhusiwe. Hapo ardhi inalindwa na mtu anakula.

Maana presha kubwa ipo kwenye ardhi yenyewe. Mkoa ulikuwa na watu 1,861,934 kwenye sensa ya 2022. Kihamba kilichogawanywa kwa watoto wa kiume vizazi vitatu mfululizo kimefikia robo ekari, na anayepewa robo ekari anajenga nyumba. Kahawa iling'olewa bei ilipoanguka. Ikafuatiwa na mti wa kivuli, kwa kuwa mbao ina bei. Nyasi na nyanya zikachukua nafasi. Vijana wako mjini, na siku ya kusafisha mfongo wanaokuja ni wazee. Kila moja ya hayo lina sababu inayoeleweka, na kila moja linauondolea mlima kitu kilichokuwa kinashika maji.

Zipo jitihada za kurudisha. Shimbwe Juu, kule Uru, kihamba chake kimetambuliwa tangu 2011 na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa kama urithi wa kilimo wa dunia, na mifongo na nduwa zake ni sehemu ya urithi huo. Nimekwenda kuziona nduwa. Mashimo ya udongo tu, yenye majani pembeni na vyura ndani. Ungepita usizitambue.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na kusafisha mfongo wetu. Nilikuwa na kazi mjini, nikatuma pesa ya mbege badala ya kwenda, jambo ambalo halikumpendeza mama. Jioni alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekuja kumi na mmoja. Watoto wa mjini hakuna."

"Maji yamefika?"

"Yamefika, lakini membamba. Kwa jirani yamepita kidogo tu." Nilisikia jembe likigonga jiwe. "Nimeyapeleka kwenye magimbi kwanza. Kahawa itangoja Jumatano."